Hina, Piko na Vipodozi: Jua Unachopaka Kabla Hujapaka

Siku za kuelekea Idi na msimu wa harusi, nyumba nyingi za Mji wa Kale hujaa wanawake na wasichana walionyoosha mikono na miguu wakingoja hina ikauke. Kuanzia Kibokoni hadi Kuze, na kwingineko kisiwani, hii ni mila ya kale na pia ni kazi inayolisha familia. Somo hili halikusudii kumzuia mtu kujipamba. Linakusudia kumwezesha mkaazi kujua anachopaka, kwa sababu kuna vipodozi ambavyo madhara yake hayafutiki rangi inapofutika.

Baada ya kusoma somo hili utaweza:
- kutofautisha hina halisi na piko yenye kemikali;
- kusoma lebo ya kipodozi na kutambua majina ya kuepuka;
- kujua ni vipodozi gani vina ngano, na ni nani anayepaswa kujali;
- kuchukua hatua zinazofaa ngozi inapodhurika.

Hina ni nini, na piko ni nini?

Hina ni unga wa majani ya mhina, mti mdogo ambao wataalamu huuita Lawsonia inermis. Ndani ya majani hayo mna rangi ya asili. Unga ukikandwa kwa maji ya ndimu au chai ya rangi, rangi hiyo hutoka polepole na kushika tabaka la juu la ngozi. Unapoibandua hina, mkono huwa wa rangi ya machungwa. Siku moja au mbili baadaye rangi hukolea ikawa hudhurungi au nyekundu iliyoiva. Baada ya wiki moja hadi tatu hufifia, kwa kuwa ngozi ya juu yenyewe hubadilika.

Hina halisi haiwi nyeusi tititi. Weusi huo, ambao wengi huupenda kwa kuchorea mistari ya maua kabla ya kujaza hina katikati, ni wa piko. Mara nyingi piko hutengenezwa kwa rangi ya kutia nywele yenye kemikali iitwayo parafenilinidiamini, kwa kifupi PPD. Kemikali hiyo ilikusudiwa nywele, tena kwa muda mfupi kisha ioshwe. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, rangi ya nywele hairuhusiwi kuwa na PPD inayozidi asilimia 2 inapopakwa kichwani, na kuipaka kwenye ngozi hairuhusiwi kabisa. Hina nyeusi za kuchorea mwili zilipopimwa katika nchi mbalimbali, baadhi zilikutwa na zaidi ya asilimia 10.

"Mbona mwaka jana nilipaka na sikudhurika?"

Hili ndilo swali linaloulizwa zaidi, na jibu lake ndilo kiini cha somo hili.

PPD haimdhuru kila mtu mara ya kwanza. Inapopenya ngozini, kinga ya mwili huweza kuitambua kama adui na kuiweka kumbukumbu. Jambo hilo hutokea kimyakimya: hakuna muwasho, hakuna uvimbe, na maua yanapendeza. Mtu hupaka tena Idi inayofuata, au kwenye harusi ya dadake, na safari hii kinga iko tayari. Baada ya siku moja hadi tatu ngozi huwasha, huwa nyekundu, huvimba na kutoa malengelenge yanayofuata michoro ile ile ya maua. Ikipona huweza kuacha kovu au alama nyeupe kwa miezi mingi.

Mzio huo ukishaingia hautoki. Mtu aliyeupata kwa piko akiwa na miaka 10 anaweza kuvimba uso na macho akiwa na miaka 40, siku atakapotia nywele rangi kuficha mvi. Mwili wake unaweza pia kukataa vitu vinavyofanana na PPD, vikiwemo baadhi ya dawa za ganzi na baadhi ya rangi za nguo.

Kwa hiyo "sijawahi kudhurika" haimaanishi "sitadhurika". Kila mara unapopaka ni kama kubahatisha upya, na kadiri unavyopaka mara nyingi ndivyo nafasi ya kupata mzio inavyoongezeka.

Watoto wadogo

Mtoto asipakwe piko hata kidogo, wala mstari mmoja wa kumfurahisha sikukuu. Ana miaka mingi mbele yake ya kuishi na mzio huo.

Kwa watoto wachanga, hata hina halisi inahitaji tahadhari. Baadhi ya watu huzaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na hali hii hupatikana zaidi katika maeneo yenye malaria kama Pwani yetu. Rangi ya hina ikipita kwenye ngozi ya mtoto mwenye upungufu huo, huweza kuvunja chembe nyekundu za damu. Mtoto hulegea, macho na ngozi huwa manjano, na mkojo huwa wa rangi nzito kama chai. Ukiona dalili hizo, mpeleke hospitalini mara moja na umweleze daktari kwamba alipakwa hina. Lililo bora ni kungoja mtoto akue.

Paketi za piko na rangi za nywele zifungiwe mahali watoto hawafiki. Kemikali hiyo ikimezwa huvimbisha koo na kuharibu figo.

Maswali ya kumuuliza anayekupaka

Fundi mwaminifu hachukii kuulizwa. Kabla hujanyoosha mkono, uliza haya:

1. Umechanganya na nini? Majibu mazuri ni unga wa hina, ndimu, chai, sukari au mafuta ya karafuu. Wako wanaoongeza mafuta ya taa au petroli ili rangi ikolee. Hivyo huunguza ngozi na mvuke wake unadhuru mapafu.
2. Naweza kuiona paketi? Kama hakuna paketi, au paketi ni ya rangi ya nywele, kataa.
3. Nikae nayo kwa muda gani? Hina halisi hutaka saa kadhaa. Ukiambiwa itakolea weusi kwa nusu saa, hiyo si hina.
4. Koni hii imetengenezwa lini? Hina halisi iliyokwisha kandwa huharibika baada ya siku chache isipowekwa kwenye friji. Koni iliyokaa rafuni dukani kwa miezi mingi bila kuharibika imetiwa kitu kingine.

Tazama na unuse pia. Hina iliyokandwa huwa kijani au kahawia na hunuka majani. Iliyo nyeusi tangu ndani ya bakuli, au yenye harufu kali ya dawa, iache.

Kwa wapaka hina wenyewe: mikono yenu hugusa kemikali hiyo kila siku, kwa hiyo nyinyi ndio wa kwanza kuwa hatarini. Mzio wa mikono humwondoa fundi kazini. Vaeni glavu, na wafundisheni wateja kwamba hina iliyokandwa vizuri na kuachwa usiku kucha hutoa rangi nzito inayotosha kumpamba bibi harusi yeyote.

Kusoma lebo ya kipodozi

Lebo nyingi huandikwa kwa majina ya kitaalamu. Huhitaji kuyajua yote. Yakatae haya machache.

*Kwenye rangi ya nywele na piko:* p-Phenylenediamine, PPD, 1,4-Benzenediamine au nambari CI 76060. Yote ni kitu kimoja.

*Kwenye krimu na sabuni za kung'arisha ngozi:* Hydroquinone, Mercury, Mercurous chloride, Calomel au Hg. Manne ya mwisho ni zebaki, ambayo huharibu figo na huweza kumfikia mtoto aliye tumboni. Watengenezaji wengine hawaiandiki, lakini maagizo huwafichua: krimu ikikuonya usiiguse na dhahabu, fedha au vito, shuku kuna zebaki ndani. Bibi harusi aliyejaa dhahabu hana haja ya krimu inayogombana na bangili zake.

*Wanja:* baadhi ya wanja wa manga hutengenezwa kwa jiwe lenye madini ya risasi. Risasi huathiri ubongo wa mtoto, hata ikiwa kidogo. Usimpake mtoto mchanga machoni wala kwenye nyusi.

Tazama pia tarehe ya mwisho wa matumizi, jina la mtengenezaji, na alama ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS). Unaweza kuihakiki alama ya ubora kwa simu: andika SM# ikifuatwa na nambari iliyo chini ya alama, kisha utume ujumbe kwa 20023. Krimu iliyopimwa kwa kijiko na kutiwa kwenye kopo lisilo na lebo haina njia ya kuhakikiwa. Usinunue.

Je, vipodozi vina ngano?

Ndiyo, baadhi. Ngano na nafaka za jamii yake hutiwa kwenye shampuu, losheni na rangi za mdomo ili kulainisha. Kwenye lebo tafuta Triticum Vulgare au Hydrolyzed Wheat Protein, ambazo ni ngano. Hordeum Vulgare, ambayo ni shayiri. Na Secale Cereale, ambayo ni nafaka ya rai.

Ni nani anayepaswa kujali? Kuna makundi mawili, na ni vizuri kutoyachanganya.

La kwanza ni wenye ugonjwa wa siliaki, ambao utumbo wao huharibika wanapokula gluteni, protini iliyo ndani ya ngano. Gluteni haipiti kwenye ngozi nzima kwa kiasi cha kudhuru utumbo. Kwa hiyo mtu huyu ajihadhari na kinachoweza kufika kinywani: rangi ya mdomo, dawa ya meno, na losheni ya mikono ikiwa anakula kwa mkono. Hana haja ya kulipa zaidi kwa shampuu kwa sababu tu imeandikwa kwamba haina gluteni.

La pili ni wenye mzio wa ngano. Hao waepuke ngano kwenye kila wanachopaka. Huko Japani, sabuni moja ya uso yenye protini ya ngano iliyosagwa kikemikali ilipata umaarufu mkubwa hadi mwaka 2010. Zaidi ya watu 2,000 waliokuwa wakila ngano bila tatizo walipata mzio kwa kuoshea uso sabuni hiyo, na baadaye wakaanza kudhurika kwa kula mkate na vyakula vingine vya ngano. Funzo lake ni lile lile la piko: ngozi hufundisha mwili, na mwili hausahau.

Anayetumia singo au liwa auleze kwanza msingaji wake kuhusu mzio. Kama kumeongezwa unga, aulize ni wa dengu au wa ngano.

Kujaribu kipodozi kipya

Kwa krimu, losheni au rangi ya mdomo, paka kiasi kidogo upande wa ndani wa mkono, karibu na kiwiko. Ngoja saa 48. Kusipotokea muwasho wala wekundu, unaweza kutumia.

Angalizo: usiijaribu piko kwa njia hii. Jaribio lenyewe linaweza kuuanzisha mzio, na kutoona kitu hakukuhakikishii usalama.

Ngozi ikidhurika

- Osha kwa maji mengi na sabuni laini. Ondoa mabaki yote.
- Weka kitambaa safi kilicholowa maji baridi.
- Usipasue malengelenge. Usipake dawa ya meno, ndimu wala hina nyingine juu yake.
- Nenda kituo cha afya kilicho karibu. Nenda na paketi au koni iliyotumika, au picha yake.
- Uso, midomo au koo likivimba, au pumzi ikibana, usingoje asubuhi. Nenda kitengo cha dharura, kama kile cha Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Pwani, ambayo wengi tunaiita Makadara.
- Ukishapona, mwambie kila daktari, daktari wa meno na msusi kwamba una mzio wa PPD.

Jipime

1. Fundi anasema ana "hina nyeusi ya asili". Utamwambia nini? *(Hina ya asili haiwi nyeusi tititi. Omba kuona paketi.)*
2. Jirani yako amepaka piko miaka mitano bila tatizo. Je, yuko salama? *(Hapana. Mzio huweza kujitokeza wakati wowote, na hautoki.)*
3. Mwenye siliaki anaogopa shampuu yenye ngano. Utamshauri nini? *(Aangalie zaidi rangi ya mdomo na vinavyofika kinywani.)*

Msomee somo hili mtu mmoja nyumbani, hasa anayejiandaa kwa harusi. Maua ya hina hudumu wiki mbili. Ngozi ni ya maisha yote.