Somo la Mwezi: Ukivuka Mpaka Kumfuata Mwenzi, Mkataba Nao Uvuke



Katika masomo yetu tumezoea kuzungumza juu ya mshahara, saa za kazi na usalama wa mitambo. Leo tunajifunza juu ya mfanyakazi anayehamia nchi jirani kumfuata mume au mke, huku akiendelea kumfanyia kazi mwajiri aliyebaki kule alikotoka, kwa kompyuta na simu. Ndugu wa mashambani, msiseme kwamba hayo ni mambo ya makarani. Someni mpaka mwisho.

JAMBO LILILOTOKEA

Dada mmoja alikuwa karani wa mishahara katika kiwanda cha chai, magharibi ya Kenya. Mumewe, Mkenya pia, ni fundi wa mitambo. Alipata kazi katika kiwanda cha sukari upande wa Jinja, Uganda, akapewa kibali cha kazi. Baada ya mwaka mzima wa kuishi mbalimbali, dada akaamua kumfuata. Mwajiri wake hakutaka kumpoteza. Akamwambia: "Nenda, utaendelea kututunzia hesabu za mishahara kwa kompyuta. Malipo ni yale yale." Dada akafurahi. Nani asingefurahi?

Siku ya kuondoka akaletewa karatasi ya ukurasa mmoja atie saini. Ilisema kwamba tangu siku hiyo yeye si mwajiriwa tena, ni mkandarasi. Akatia saini kwa haraka, mizigo ikiwa mlangoni. Miezi saba baadaye akagundua kwamba michango yake ya NSSF ilikoma tangu mwezi ule aliohama. Alipojifungua, akaambiwa mkandarasi hana likizo ya uzazi. Akapumzika wiki mbili bila malipo, kisha akarudi kwenye kompyuta huku mtoto yuko mgongoni.

Sisi nasi tulikosea. Alipokuja ofisini kwetu tulimwambia: "Mwajiri wako hayuko Uganda, nenda kwa chama cha Kenya." Chama cha Kenya nacho kikamwambia: "Wewe huko Kenya tena." Akawa kama mpira wa uwanjani, huku teke, kule teke.

SHERIA ZINASEMA NINI

1. Kukaa na kufanya kazi. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika ya Mashariki ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Kifungu cha 10 kinampa mfanyakazi haki ya kufuatana na mume au mke na watoto wake, na mwenzi huyo naye anaweza kuajiriwa au kujitegemea katika nchi hiyo. Lakini haki hiyo haiondoi vibali. Raia wa Afrika ya Mashariki akiingia kama mgeni hupewa pasi ya hadi miezi 6. Hiyo ni pasi ya kukaa, si ya kazi. Mwenye kazi ya zaidi ya siku 90 hutakiwa kuomba kibali cha kazi. Usijidanganye kwamba kwa kuwa unafanyia kazi chumbani hakuna anayekuona. Uliza ofisi ya uhamiaji kabla ya kuanza, na jibu ulipate kwa maandishi.

2. Mkataba. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inasema kwamba mkataba uliofanywa Kenya kwa kazi itakayofanyika nje ya Kenya, yote au sehemu yake, utiwe saini na pande zote mbili na kushuhudiwa na ofisa wa kazi. Karatasi ya dada huyu haikufika kwa ofisa yeyote.

3. Uzazi. Kenya inampa mama miezi 3 yenye mshahara kamili. Uganda inampa siku 60 za kazi, nazo kwa mshahara kamili. Dada huyu alikosa za Kenya, akakosa na za Uganda.

4. Akiba ya uzeeni. Uganda, mwajiri huchanga asilimia 10 ya mshahara na mfanyakazi asilimia 5. Kenya kila mmoja huchanga asilimia 6, mpaka kikomo kilichowekwa. Ukiitwa mkandarasi, fungu la mwajiri linabaki mfukoni mwake.

5. Kodi. Mtu akikaa Uganda siku 183 au zaidi katika miezi kumi na miwili huhesabiwa kuwa mkazi kwa mambo ya kodi. Uliza mapema, usije ukakatwa huku na kule.

JINA HALIBADILI KAZI

Mkandarasi wa kweli hujipangia saa zake, ana vyombo vyake, na anaweza kuwahudumia wateja wengine. Dada huyu alipangiwa kuanza saa mbili asubuhi, kompyuta ilikuwa mali ya kiwanda, na hata kwenda kliniki aliomba ruhusa. Huyo ni mfanyakazi, aitwe jina lolote.

Ndugu mkata miwa, hila hii huijui? Ni ile ile ya kukuita kibarua wa kutwa kwa miaka kumi, au kukuandikisha kwa wakala ili kampuni iseme haikujui. Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha Mkataba Namba 177 mwaka 1996, kwamba mtu anayemfanyia mwajiri kazi akiwa nyumbani kwake mwenyewe atendewe sawa na wenzake katika ujira, usalama, hifadhi ya uzazi na kujiunga na chama. Nchi zilizouridhia bado ni chache. Hiyo ni kazi yetu sisi vyama.

TULIFANYA NINI BAADAYE

Aliporudi mara ya pili, tulikaa pamoja na wenzetu wa Kenya, tukaandika barua moja yenye mihuri miwili. Mwajiri alirudisha michango ya miezi ile saba na kumwandikia mkataba wa ajira. Likizo ya uzazi haikurudi. Mtoto hangoji barua.

Basi tangu sasa, mwanachama anayehama apite ofisini kabla ya kufunga mizigo. Mkataba wake useme mambo manne: nani mwajiri, sheria ya nchi gani itatumika, michango italipwa mfuko upi, na akiugua au akijifungua nani atalipa. Asitie saini siku ya safari. Nasi tumeahidi kutomfukuza mfanyakazi mlangoni kwa sababu mwajiri wake yuko ng'ambo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mwajiri alipenda neno "mkandarasi"?
2. Katika kazi yako, ni nani wanaopewa jina lisilolingana na kazi yao?
3. Tawi lenu lina mwenzake upande wa pili wa mpaka? Kama halina, nani atakwenda kuonana nao?

Umoja ni nguvu.