Volti Zilizozidi Huenda Wapi?

Kibarazani kwa fundi redio, kijijini Songo Mnara.

BABU: Umeleta nini leo?

KIJANA: Redio ya volti 5, nataka iwake kwa betri ya sola. Nimenunua regyuleta ya kushusha volti, 7805, kule Kilwa Masoko. Muuzaji kasema inapokea hata volti 35.

BABU: Hakukudanganya, ila kakupa nusu ya maneno. Hizo 35 ndio ukomo wa kuvumilia. Vijana mnapenda namba kubwa! Betri yako jua likikolea inapanda mpaka 14.4. Ukitoa 5 zinabaki 9.4. Zinakwenda wapi?

KIJANA: Zinarudi kwenye betri?

BABU: Wapi! Zinageuka joto humo humo ndani ya regyuleta. Zidisha 9.4 kwa ampea za redio. Umezipima?

KIJANA: Kwa mita, ni 0.1.

BABU: Vyema, wengi hawapimi. Basi ni kama wati moja. Bila bati la kupozea, kila wati huongeza nyuzi 65 hivi juu ya joto la hewa. Mchana hapa ni 32, kwa hiyo ndani zitapita 90. Kikomo ni 125. Ukiigusa utaruka, lakini itafanya kazi.

KIJANA: Na simu ya mama? Inataka ampea 1.

BABU: Hizo ni wati 9.4. Itajizima kwa joto, ikipoa iwake, ijizime tena. Hata ukiifunga kwenye bati kubwa la alumini, karibu theluthi mbili ya umeme wa jua lako umeupikia hewa. Na ikifa vibaya, ikaungana ndani, volti 14 zote zinaingia kwenye simu. Kwa simu tafuta kipunguza volti chenye koili, hakichemki hivyo.

KIJANA: Nikiacha betri, niiunge regyuleta kwenye paneli moja kwa moja?

BABU: Paneli ya volti 12 isiyo na mzigo hufika 21, hata 22. Ile ya 24 huvuka 35, na hapo umeiua. Tena wingu likipita, redio kimya.

KIJANA: Na miguu ya 7805 je?

BABU: Maandishi yakikutazama, miguu chini: kushoto umeme unaingia, katikati hasi, kulia unatoka. Usiifananishe na regyuleta ya 7905, miguu ya hiyo imepangwa vingine. Weka kapasita ya mikrofaradi 0.33 upande wa kuingia na 0.1 upande wa kutoka, zote zibane miguu; zikikaa mbali umeme unatetemeka.

KIJANA: Basi imekwisha?

BABU: Bado fyuzi, pale pale kwenye chanya ya betri. Regyuleta hujilinda yenyewe, wala hailindi waya unaotoka kwenye betri. Waya huo ukigusana na hasi unawiva mwekundu, nawe umelala chini ya makuti. Bila fyuzi mimi sikufungii.