Kuvaa Si Kujifunga: Somo la Mshipi wa Mjengoni

Mwaka huu sikutaka kuandika juu ya ngeli wala uakifishaji. Nataka tujifunze juu ya mshipi wa usalama, ule unaovaliwa na mafundi wanaofanya kazi juu ya majengo. Usiseme, "Hilo lanihusu nini?" Wengi wetu tukimaliza kidato cha nne tutaingia mjengoni kutafuta kibarua huku tukingoja matokeo. Isitoshe, baba zetu, kaka zetu na wajomba zetu wako huko hivi sasa.

Mjomba wangu ni fundi wa rangi hapa Nairobi. Mwaka juzi mwenzake kazini alianguka kutoka orofa ya tatu. Habari ilipofika nyumbani, mama alimwuliza mjomba, "Kwani hakuwa na mshipi?" Mjomba aliinamisha kichwa, akajibu, "Alikuwa ameuvaa, dada. Lakini kulabu alikuwa ameining'iniza kiunoni mwake mwenyewe." Jamaa huyo hakufa, lakini uti wa mgongo uliumia na hadi leo hatembei. Mkewe ndiye anayehangaika na karo ya watoto.

Jibu hilo la mjomba lilinifunza Kiswahili kuliko zoezi lolote la msamiati. Kuvaa ni kutia kitu mwilini. Kujifunga ni kujiunga na kitu kisichoanguka. Mtu anaweza kuvaa vizuri kama bwana arusi na bado akawa hakujifunga popote. Wazee walisema ajali haina kinga, nami nawaheshimu. Lakini ajali ya kuanguka huonekana kutoka mbali, na kinga yake ipo. Tatizo ni kwamba wengi huivaa bila kuitumia.

KWA NINI HUWEZI KUJISHIKA

Wapo wanaosema, "Mimi ni mwepesi, nikiteleza nitashika mbao." Wenzangu wa fizikia hebu tupige hesabu. Kitu kinachoanguka hutimiza mita 5 kwa sekunde 1 tu. Mwisho wa sekunde hiyo kina kasi ya mita 10 kwa sekunde, yaani kilomita 36 kwa saa, kama matatu inayopita mtaani. Ukianza kusema "Mungu wangu," huenda ukafika chini kabla hujamaliza.

Aidha, kuanguka si tatizo pekee. Kusimamishwa ghafla pia huumiza. Tuseme fundi wa kilo 80 ameanguka mita 2, halafu kamba ikamsimamisha katika sentimita 10. Kwa wastani kani inayomvuta huwa kama mara 21 ya uzito wake! Lakini kamba ikimpunguza mwendo polepole katika mita 1, kani hiyo huwa kama mara 3 tu. Ndiyo maana kamba nzuri ina kijifuko chenye mkanda uliokunjwa na kushonwa. Fundi akianguka, nyuzi zake huchanika moja baada ya nyingine na kula ule mshtuko.

Hii pia ndiyo sababu mkanda wa kiunoni peke yake haufai. Mvuto wote huja tumboni na mgongoni. Marekani ilikataza kuutumia kumdakia mtu anayeanguka kuanzia tarehe 1 Januari 1998. Mshipi unaofaa ni ule wa mwili mzima, unaogawa mvuto huo kwenye mapaja, nyonga, kifua na mabega.

JINSI YA KUUVAA

(1) Ukague kwanza. Pitisha vidole kwenye kila mkanda. Tafuta palipokatika, palipoungua, nyuzi zilizofumuka, na vifungo vya chuma vilivyopinda au kushika kutu. Mshipi uliowahi kumdaka mtu hautumiki tena hata ukionekana mpya.

(2) Ushike kwa pete ya mgongoni, uukung'ute ili mikanda isijisokote. Fungua vifungo vyote.

(3) Uvae mabegani kama mkoba wa shule. Pete ikae katikati ya mabega. Pete ikiteremka hadi kiunoni, ukianguka utaning'inia vibaya.

(4) Funga mikanda ya mapajani. Hapa ndipo wengi hukosea, kwani hubana na jua ni kali. Mkanda uliolegea hupanda kwa nguvu na kukuumiza vibaya, au mwili mzima ukachomoka. Kipimo ni rahisi: kiganja kilicholala kiingie kati ya mkanda na paja, lakini ngumi isiingie.

(5) Funga mkanda wa kifua usawa wa katikati ya kifua. Ukiwa juu sana unaweza kukukaba shingo. Usipoufunga, mabega yanaweza kutoka.

(6) Mwite mwenzako akukague mgongoni. Hakuna mtu anayeona kisogo chake.

PA KUJIFUNGIA

Sasa tumefika kwenye kiini cha somo. Kulabu ifungwe mahali imara: kwenye nondo au pete iliyowekwa kwa kazi hiyo, boriti ya chuma, au nguzo ya jengo. Kule Marekani sheria hutaka mahali hapo paweze kustahimili mvuto wa zaidi ya kilo 2,200 kwa kila mfanyakazi, labda pawe pamepimwa na mtaalamu. Jiulize, "Je, hapa gari dogo laweza kuning'inia?" Kama jibu ni hapana, nawe usining'inie. Bomba la maji, fremu ya dirisha na fito za jukwaa si mahali pa kukabidhi roho yako.

Pia funga juu ya kichwa chako, si usawa wa miguu. Tazama hesabu ya aliyefunga usawa wa miguu. Kamba ina mita 2. Kijifuko kikichanika chote huweza kuongeza hadi mita 1.75. Kutoka pete ya mgongoni hadi nyayo ni kama mita 1.5. Ongeza mita 1 ya akiba. Jumla ni mita 6.25. Basi fundi aliye mita 5 kutoka ardhini anaweza kugonga chini akiwa amejifunga! Vilevile usijifunge mbali upande mmoja, kwani ukianguka utapiga bembea hadi ukutani.

Na je, ukihama kutoka hapa hadi pale? Tumia kamba yenye kulabu mbili. Funga ya pili kwanza, ndipo ufungue ya kwanza. Yule jamaa wa orofa ya tatu alikuwa anahama tu. Alisema ni hatua mbili.

AKININGINIA

Usidhani kazi imekwisha mshipi ukimdaka mtu. Akining'inia bila kusogea, damu hukusanyika miguuni na anaweza kuzimia kwa muda mfupi. Kwa hivyo ngazi na watu wa kumshusha wawe tayari kabla ya kazi kuanza, si baada ya mayowe. Anayening'inia naye asogeze miguu kama mtu anayeendesha baiskeli hadi ashushwe.

SHERIA YASEMAJE?

Hapa kwetu Kenya tuna Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007. Inamtaka mwajiri awape wafanyakazi vifaa vya kujikinga, na inamtaka mfanyakazi avitumie. Basi mwanakandarasi asiyetoa mshipi ana kosa, na fundi anayeutundika msumarini pia ana kosa. Lakini tusemeane ukweli: kibarua wa siku moja ataudai mshipi vipi ilhali vijana ishirini wanangoja langoni kuchukua nafasi yake? Swali hili liko juu ya umri wangu. Nawaachia wakubwa. Ninachojua ni kwamba mshipi ukiwepo, kuufunga sawasawa hakuhitaji hata shilingi.

Jumamosi moja mjomba alipitia kwetu akiwa na mshipi wake mkobani. Nilimwomba auvae nione. Akauvaa chap chap, akasimama katikati ya sebule mikono kiunoni. Nikajaribu kile kipimo cha paja. Ngumi yangu iliingia yote.

"Mjomba, hapa ngumi inaingia."

Akacheka. "Lo! Mpwa wangu, siku hizi umekuwa mkaguzi wa serikali?"

Mama hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi, amenyamaza tu. Mjomba akamtazama, kisha akainama, akakaza mkanda wa kulia, akakaza na wa kushoto. Akaniambia, "Jaribu tena." Ngumi ikakataa. Kiganja kikaingia.

Wenzangu, hatuwezi kupanda na wapendwa wetu hadi orofa ya kumi. Lakini jioni tunaweza kuwauliza maswali mawili tu: "Umevaa?" na "Umejifunga wapi?" Swali la pili ndilo lenye uhai. Aliye juu mngoje chini, walisema wahenga. Nasi tunawangoja chini, lakini tunataka washuke kwa ngazi.

Kwa hayo machache, natua kalamu.

Maswali ya kujipima:
(a) Eleza tofauti ya kuvaa na kujifunga.
(b) Kwa nini kulabu hufungwa juu ya kichwa?
(c) Mpime mtu mmoja nyumbani anayefanya kazi juu. Ngumi iliingia?