MAMBO YALIYOIUMBA HISPANIA

Mtu akisikia jina la Hispania, mara hufikiri mchezo wa kupigana na fahali, gitaa, na ngoma iitwayo flamenco. Si uongo, lakini ni kama kumjua mtu kwa kofia yake tu. Flamenco asili yake ni Andalusia, upande wa kusini. Msafiri akienda Galisia, kaskazini magharibi penye mvua nyingi, atakuta watu wakicheza kwa zumari la kiriba. Basi na tuulize: ni mambo gani yaliyowaumba watu hawa?

NCHI YENYEWE

Hispania na Ureno zimo katika rasi moja, na milima ya Pyrenees ni kama ukuta kati ya rasi hiyo na Ufaransa. Milima mingine huikata nchi vipande vipande, hata zamani watu wa upande mmoja hawakuchangamana sana na wa upande mwingine. Kila upande ukashika desturi zake. Warumi, walioanza kuingia mwaka 218 K.K., waliacha Kilatini, na humo zikazaliwa Kikastilia, Kikatalani na Kigalisia. Kibaski peke yake si mtoto wa Kilatini, wala mpaka leo haijulikani lugha yo yote iliyo ndugu yake.

WALIOTOKA AFRIKA

Mwaka 711 majeshi ya Waislamu, Waarabu na Waberberi, yalivuka bahari kutoka Afrika ya Kaskazini. Utawala wao ulidumu, ukipungua kidogo kidogo, mpaka mwaka 1492, Malkia Isabel na Mfalme Fernando walipoutwaa mji wa Granada. Mwaka huo huo Wayahudi waliokataa kubatizwa walifukuzwa nchini. Baadaye, tangu 1609 mpaka 1614, wazao wa Waislamu nao walifukuzwa, ijapokuwa walikuwa wamekwisha batizwa.

Watu waliondolewa, lakini maneno yao yalibaki. Mhispania husema azúcar, nasi twasema sukari. Yeye azafrán, nasi zafarani. Mkuu wa mji humwita alcalde, na neno hilo limetoka katika neno lile lile la Kiarabu lililotupa sisi kadhi. Hata wale waliowafukuza Waislamu waliendelea kuita vitu kwa majina ya Kiarabu.

Katika mji wa Valencia, kila Alhamisi saa sita mchana, wakulima waliochaguliwa na wenzao huketi mlangoni pa kanisa kuu kuamua mashauri ya maji ya mifereji. Hakuna mawakili, kila mtu hujitetea kwa kinywa chake. Aliyefungulia maji kwa zamu isiyo yake hutozwa faini. Wenyeji husimulia kwamba baraza hili lilianza zama za Waislamu, na mwaka 2009 UNESCO ililitia katika orodha ya urithi wa wanadamu.

LUGHA ZILIPOKATAZWA

Jenerali Franco, aliyetawala tangu 1939 hata kufa kwake mwaka 1975, alitaka taifa liwe na sura moja. Shuleni na ofisini Kikastilia ndicho kilichotakiwa. Mtoto aliyesema Kikatalani na mama yake alipofika darasani ilimpasa kukiacha mlangoni. Hata hivyo lugha hizo hazikufa, kwa kuwa hakuna askari awezaye kusimama katika kila jiko.

Katiba ya mwaka 1978 ilibadili mambo. Kila raia imempasa kujua Kikastilia, lakini lugha nyingine nazo zaweza kuwa rasmi katika majimbo yake. Majimbo yenye madaraka yake ni 17. Lakini ugomvi haukwisha. Oktoba 2017 viongozi wa Katalonia waliitisha kura ya kujitenga, ingawa mahakama ilikuwa imeikataza, na polisi waliingia kwa nguvu katika vituo vya kupigia kura.

Tunajifunza nini? Hispania ilijaribu mara mbili kuwa kitu kimoja kwa kuondoa: kwanza watu, kisha lugha. Mara zote mbili kilichokatazwa kilibaki vinywani na mashambani. Wako wengi mjini Barcelona wanaojiita Wakatalani na Wahispania pia, wala hawaoni shida. Kazi iliyobaki ni kuwapatanisha hao na wale wanaosema kwamba mtu hana budi kuchagua moja.