Bendi Ndogo na Matamasha: Jinsi ya Kualikwa, Kukubaliana Bei na Kulipwa

Kila msimu wa matamasha unapokaribia, vikundi vya muziki katika Kaunti ya Kilifi huanza kupigiwa simu. Kuna sherehe za kumkumbuka Mekatilili wa Menza mwezi Agosti, kuna sikukuu za kitaifa, na kuna matamasha ya kufunga na kufungua mwaka yanayowaleta wageni wengi mjini Kilifi. Mara nyingi simu huwa fupi: "Mko huru Jumamosi? Njooni, tutaelewana." Bendi hupakia ngoma, kayamba na spika kwenye matatu, hupiga hadi usiku wa manane, na kesho yake mwandaaji hapokei simu.

Hasara ya namna hii haisababishwi na muziki mbaya. Husababishwa na mambo ambayo hayakusemwa wala kuandikwa kabla ya safari. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari, na jasho la mwanamuziki ni mali kama mali nyingine. Makala haya yanaeleza hatua ambazo bendi ndogo, hata ile ya watu watatu, inaweza kuzifuata ili ialikwe, ikubaliane bei na ipokee malipo yake.

1. Bendi iwe na jina linaloweza kulipwa

Mwandaaji makini hawezi kulipa "vijana wa Kaloleni". Anahitaji jina lililosajiliwa, nambari ya PIN ya KRA na akaunti ya benki au nambari ya Till. Bendi ya watu wachache inaweza kusajili jina la biashara kupitia eCitizen, na wanabendi kadhaa wanaweza kuandikwa kuwa washirika wa jina hilo. Kikundi chenye wanachama wengi, kama vile kikundi cha ngoma cha kijiji, kinaweza kusajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii iliyo karibu.

Kabla ya kutafuta kazi nje, wanabendi wakubaliane wenyewe kwa ukurasa mmoja wa maandishi. Ukurasa huo useme nani anazungumza na waandaaji, nani anaweka hesabu, pesa zinaingia akaunti gani, na mgao ukoje. Je, mwenye gitaa au spika anapata fungu la vyombo? Mwanabendi aliyekosa mazoezi lakini akafika siku ya tamasha analipwaje? Bendi nyingi huvunjika kwa sababu malipo yaliingia kwenye simu ya mtu mmoja na wenzake hawakuonyeshwa ujumbe wa M-Pesa. Akaunti inayohitaji saini za watu wawili huondoa shaka hiyo.

2. Vitu vinne vya kumtumia mwandaaji

Mwandaaji wa tamasha hupokea maombi mengi na hutumia dakika chache kwa kila moja. Bendi iwe na vitu hivi tayari kwenye simu:

• Maelezo mafupi ya bendi, yasiyozidi maneno 100: inatoka wapi, inapiga muziki gani, ina watu wangapi na imewahi kutumbuiza wapi.
• Picha mbili au tatu zilizo wazi, ambazo wanabendi wote wanaonekana.
• Video ya dakika tatu hadi tano ikiionyesha bendi ikipiga mbele ya watu. Wimbo uliorekodiwa studio ni mzuri, lakini mwandaaji anataka kujua bendi inasikikaje jukwaani. Video iliyopigwa kwa simu inatosha, mradi sauti isikike vizuri.
• Orodha ya mahitaji ya jukwaani: maikrofoni ngapi, nani anasimama wapi, chombo kipi kinachomekwa kwenye mitambo na kipi kinahitaji maikrofoni.

Orodha hiyo ya nne ndiyo husahaulika zaidi, na ndiyo inayowapa waandaaji imani. Zumari na kayamba havina waya wa kuchomeka. Fundi wa mitambo asipoambiwa mapema, bendi ya mwanzele inaweza kujikuta na maikrofoni mbili kwa watu wanane.

3. Kuomba mapema

Matamasha makubwa hupanga ratiba miezi mingi kabla. Sauti za Busara, ambalo limefanyika Mji Mkongwe wa Zanzibar tangu 2004, kwa kawaida huwa Februari, lakini maombi ya wanamuziki hufungwa mwaka uliotangulia. Bendi inayosubiri hadi ione mabango barabarani huwa imechelewa. Daftari la bendi liwe na ukurasa wa kalenda: tamasha, mwezi linapofanyika, mwezi wa kutuma maombi na jina la mtu wa kuwasiliana naye.

Matamasha madogo ya karibu yasidharauliwe. Kazi iliyofanywa vizuri Mariakani au Rabai huzaa video nzuri, na video hiyo ndiyo itakayofungua mlango wa Malindi, Mombasa au Zanzibar.

4. Bei itokane na hesabu

Swali la "mnataka ngapi?" huwapata wengi bila jibu, nao hutaja kiasi chochote kwa kuogopa kupoteza nafasi. Bei inapaswa kutokana na gharama. Huu ni mfano wa bendi ya watu sita kutoka Kaloleni iliyoalikwa kutumbuiza Malindi na kulala huko usiku mmoja:

• Gari la kukodi, kwenda na kurudi: Sh9,000
• Chakula: Sh3,000
• Ukumbi wa mazoezi: Sh2,000
• Kukodi amplifaya na vifaa: Sh4,000
• Malazi: Sh6,000
• Jumla ya gharama: Sh24,000

Bendi hii ikikubali Sh30,000 kwa sababu zinasikika kuwa nyingi, itabaki na Sh6,000. Kila mwanabendi atapata Sh1,000 kwa siku mbili za safari na jioni kadhaa za mazoezi. Mwashi au mshona nguo hawezi kuikubali hesabu hiyo, na mwanamuziki naye hana sababu ya kuikubali.

Hesabu sahihi huanzia upande wa pili. Ikiwa kila mwanabendi anapaswa kurudi nyumbani na Sh3,000, hizo ni Sh18,000. Zikijumlishwa na gharama za Sh24,000, pamoja na Sh3,000 za akiba ya kutengeneza vyombo, bei inakuwa Sh45,000.

Je, mwandaaji akisema ana Sh35,000 pekee? Bendi isikimbilie kupunguza fungu la watu. Imwombe mwandaaji atoe malazi na amplifaya, ambavyo huenda tayari anavyo kwa ajili ya bendi nyingine. Gharama zitashuka kwa Sh10,000, na Sh35,000 zitatosha bila yeyote kupunjwa. Mazungumzo ya aina hii huwezekana tu bendi inapojua kila shilingi inakwenda wapi.

Kuhusu ahadi ya "hatuna pesa lakini mtapata jina", bendi ina uhuru wa kujitolea kwa shughuli ya hisani au ya jamii. Hata hivyo, jina halinunui unga. Tamasha linalouza tiketi, vinywaji na nafasi za matangazo lina uwezo wa angalau kulipa nauli na chakula, na hayo pia yaandikwe.

5. Mkataba wa ukurasa mmoja

Makubaliano ya mdomo yanaweza kuwa na nguvu kisheria, lakini kuyathibitisha ni kazi ngumu. Mkataba hauhitaji lugha ya mawakili. Unatosha ukiwa na mambo haya:

• Majina ya pande mbili, tarehe na mahali pa tamasha.
• Saa ya kufika, saa ya majaribio ya sauti na muda wa kukaa jukwaani.
• Idadi ya wanabendi.
• Kiasi cha malipo, arubuni inayolipwa kabla ya safari, na siku ya kulipwa salio.
• Nani anagharamia usafiri, chakula, malazi na mitambo.
• Kitakachofanyika tamasha likiahirishwa au kukatizwa na mvua.
• Ikiwa onyesho litarekodiwa, na video itatumikaje.

Arubuni ya nusu ya malipo ni ombi la kawaida. Kwa uchache, arubuni ilipe usafiri wa kwenda na kurudi, ili bendi isikwame ugenini. Salio liombwe kabla ya kupanda jukwaani au mara tu baada ya kushuka, kulingana na makubaliano.

Mwandaaji asipoleta mkataba, bendi inaweza kuandika masharti hayo kwenye ujumbe wa WhatsApp au barua pepe na kumwomba ajibu "nimekubali". Ujumbe huo uhifadhiwe, kwa maana unaweza kutumika kama ushahidi.

6. Tamasha linapoandaliwa na serikali

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa serikali za kaunti jukumu la shughuli za utamaduni na burudani ya umma. Kwa hiyo bendi nyingi hualikwa kwenye hafla za kaunti. Malipo ya umma hufuata utaratibu wake, na bendi inapaswa kuuelewa kabla ya kukubali.

Agizo la mdomo, hata likitoka kwa afisa anayejulikana, halitoshi. Bendi iombe agizo rasmi la huduma, maarufu kama LSO, kabla ya siku ya hafla. Baada ya kutumbuiza, iwasilishe ankara ikiwa na nakala ya LSO, PIN, cheti cha kutii kodi na maelezo ya akaunti ya benki. Ihakikishe pia kuwa idara husika imethibitisha kwa maandishi kwamba huduma ilitolewa. Ankara isiyo na LSO huwa vigumu sana kulipwa.

Ni vyema kusema ukweli: malipo haya hayatoki siku ya hafla, na wakati mwingine huchukua muda mrefu. Bendi isikope nauli kwa matumaini ya kulipwa Jumatatu. Iulize mapema kama usafiri na chakula vitatolewa na idara yenyewe. Vikundi vya vijana, wanawake na watu wanaoishi na ulemavu vinaweza pia kujisajili katika mpango wa AGPO, unaotengewa asilimia 30 ya zabuni za umma.

Hakuna ada ya kumpa afisa yeyote ili bendi iwekwe kwenye ratiba. Anayeombwa pesa za aina hiyo anahimizwa kuripoti kwa Tume ya Maadili na Kukabiliana na Ufisadi (EACC).

Kuhusu kodi, mlipaji akikata kodi ya zuio, bendi iombe cheti cha makato hayo kutoka kwa mfumo wa iTax. Kiasi kilichokatwa huhesabiwa wakati wa kuwasilisha ritani ya mwaka, ambayo mwisho wake ni Juni 30.

7. Nyimbo ni mali tofauti na onyesho

Wimbo Jambo Bwana wa bendi ya Them Mushrooms ulivuma katika hoteli za Pwani yetu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1983, kundi la Boney M. la Ujerumani lilitoa toleo lake, na wimbo ukazunguka dunia. Bendi inayopigia watalii leo haiwezi kujua wimbo wake utafika wapi.

Malipo ya tamasha ni ujira wa siku ile. Mirabaha ni haki ya mwenye wimbo kila unapopigwa hadharani au kutangazwa redioni. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 humlinda mtunzi mara tu kazi yake inaporekodiwa au kuandikwa, lakini kuisajili kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya (KECOBO) humpa ushahidi. Ili apokee mirabaha, mtunzi ajiunge na chama cha kukusanya mirabaha chenye leseni ya KECOBO. Sheria hiyo pia humpa mwanamuziki haki juu ya kurekodiwa kwa onyesho lake, ndiyo maana suala la video linastahili kuwa kwenye mkataba.

8. Mwandaaji asipolipa

Hatua ya kwanza ni barua ya madai yenye kiasi, tarehe ya onyesho na muda wa kulipa, kwa mfano siku 14, ikiambatanishwa na nakala ya makubaliano. Waandaaji wengi hulipa wakiona bendi ina karatasi.

Asipolipa, bendi inaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa na sheria ya 2016. Mahakama hiyo husikiliza madai ya huduma yasiyozidi Sh1,000,000, mdai anaweza kujiwakilisha bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Wakazi waulize kwenye masjala ya mahakama iliyo karibu kuhusu mahali huduma hiyo inapopatikana. Bendi iende na mkataba au ujumbe wa makubaliano, video au picha za onyesho na barua ya madai.

Kabla ya kupakia vyombo

Kiongozi wa bendi ajiulize maswali matano: Bei imeandikwa? Arubuni imeingia? Nauli ya kurudi ipo? Orodha ya mahitaji ya jukwaani imemfikia fundi? Anayetoa salio anajulikana kwa jina na nambari ya simu? Ikiwa jibu la swali moja ni hapana, simu ipigwe kwanza na matatu isubiri.

Vikundi vinavyohitaji mwongozo zaidi vinahimizwa kufika katika ofisi ya utamaduni ya kaunti ndogo yao. Huduma hiyo ni bure.