Njia ya Hija: Kutoka Mpakani hadi Namugongo kupitia Mpumudde

Kila mwaka, siku zinazotangulia tarehe 3 Juni, barabara zetu hujaa mahujaji waendao kwa miguu kuwakumbuka Wafiadini wa Uganda huko Namugongo. Wengine hutoka Kenya kupitia Busia na Malaba. Hija ni ya mwenye imani, lakini usalama wa njia unatuhusu sote.

Twaanzia mpakani. Raia wa Kenya aweza kuingia kwa kitambulisho cha taifa, basi hana sababu ya kufuata njia ya panya. Njia hiyo humwokolea hatua chache tu, na akipotea au akigongwa na gari, hakuna daftari lionyeshalo kwamba aliingia, wala jamaa zake hawajui waanzie wapi kumtafuta.

Barabara za Busia na Malaba hukutana kabla ya Bugiri. Watokao Mbale hupita Tirinyi na kujiunga nao karibu na Iganga. Wote hufika Jinja.

Wengi hulala Jinja, wengine hapa Mpumudde, kaskazini mwa mji, mahali alipofariki Mfalme Kabalega mwaka 1923 akirejea kutoka uhamishoni Shelisheli. Asubuhi ya kutoka mjini ndiyo yenye uamuzi mzito. Mkishavuka Nile na kufika Njeru, njia ni mbili. Ya Kayunga hadi Mukono ina kilomita zipatazo 94. Barabara kuu ya Lugazi ni fupi zaidi, yapata kilomita 60, ila hupenya msitu wa Mabira, na humo malori ya mizigo na ya miwa hupishana kwa kasi, pembezoni pakiwa pembamba.

Sisi twapendelea barabara kuu, kwa sharti la saa. Ondokeni Mpumudde mara kunapopambazuka, mpate kufika Najjembe, penye wauza kuku wa kuchoma, mchana, na kuumaliza msitu jua likingali juu. Kikundi kitokacho baada ya adhuhuri kitakutwa na giza katikati ya miti, dereva asiweze kumwona mtu mpaka amkaribie mno. Waliochelewa na walale Njeru. Siku moja zaidi yahesabiwe tangu nyumbani. Wenye wazee na watoto wengi, ambao mwendo wao hauaminiki, wachague Kayunga ijapokuwa ndefu.

Tembeeni upande wa kulia, mkiyakabili magari, mmoja nyuma ya mwingine. Wa kwanza na wa mwisho wavae fulana zinazoakisi mwanga. (Kuimba kunaruhusiwa, vipokea sauti masikioni, hapana.)

Nambari za dharura ni 999 na 112. Mkipiga, tajeni kwanza kituo cha biashara mlichokipita mwisho, kwani ndani ya Mabira kila kona hufanana na nyingine.