Samaki Anavyovuta Pumzi Ndani ya Maji

 Somo letu la mwaka huu limetokana na samaki mmoja aliyekufa.

Baadhi yenu mnakumbuka. Vijana wa darasa la tatu walirudi pwani na samaki mdogo ndani ya chupa ya maji ya bahari. Waliikaza kizibo ili maji yasimwagike, wakaiweka dirishani penye jua. Tulipomaliza kuswali Alasiri tukamkuta anaelea, tumbo juu. Mmoja wao akauliza, machozi yakimlengalenga, "Maalim, amekufaje naye yumo majini?" Siku ile hatukumjibu vizuri, na leo tunalipa deni.

Kwanza tuondoe kosa moja. Wengi wetu, kwa kuwa tumesoma shuleni kwamba maji yameundwa kwa hidrojeni na oksijeni, tunadhani samaki huyapasua maji akatoa oksijeni yake. Sivyo. Oksijeni hiyo imefungamana, haitoki kwa kuvuta pumzi. Samaki hutumia oksijeni nyingine, iliyoyeyuka ndani ya maji kama sukari inavyoyeyuka katika chai: haionekani, lakini imo. Huingia kutoka hewani, hasa mawimbi yanapochafuka, na nyingine hutolewa na mimea ya majini mchana penye mwanga.

Nayo ni kidogo mno. Katika lita moja ya hewa mna takriban mililita 210 za oksijeni. Katika lita moja ya maji ya bahari yetu ya joto, hazifiki mililita 5. Tena kadiri maji yanavyopata joto ndivyo inavyopungua.

Basi samaki amejaaliwaje kuishi kwa kidogo hicho? Mkitumwa sokoni, inueni kile kifuniko kilicho ubavuni mwa kichwa cha samaki. Mtaona matao manne kila upande, yameota nyuzi nyekundu zilizopangika kama meno ya kitana. Hayo ndiyo mashavu; vitabu vya sayansi huyaita matamvua. Wekundu ule ni damu, na ndiyo maana mama zetu huyafunua kwanza kabla ya kuuliza bei. Kila uzi una vikunjo vidogo sana vyenye ngozi nyembamba, na damu hupita ndani yake. Samaki hufungua mdomo maji yakaingia, akaufunga, yakapita katikati ya nyuzi na kutokea ubavuni. Ukimtazama utadhani anakunywa maji bila kukoma, kumbe ndiyo pumzi yake.

La ajabu zaidi ni kwamba damu na maji hupishana: maji yanakwenda huku, damu inakuja kule. Vingekwenda njia moja, vingelingana katikati ya safari, na karibu nusu ya oksijeni ingepotea. Kwa kupishana, damu iliyokwisha kushiba hukutana na maji mapya yenye oksijeni nyingi zaidi, na damu yenye njaa hukutana na maji yaliyokwisha kupungua ambayo bado yana kitu. Hivyo samaki wengine huchukua hata asilimia 80 ya oksijeni ya maji yanayopita. Sisi kwa mapafu yetu huchukua kama robo tu ya ile tunayoivuta. Subhanallah!

Mtauliza: mbona akitolewa nje, penye oksijeni tele, hufa? Chovyeni brashi ya rangi katika glasi ya maji, nywele zake zitatanuka. Itoeni, zitashikamana zikawa donge. Ndivyo zinavyokuwa nyuzi za mashavu, kisha hukauka.

Si wote wanaofanana. Jodari hana nguvu ya kusukuma maji akiwa ametulia, hivyo huogelea usiku na mchana mdomo wazi. Taa, ambaye mdomo wake uko chini karibu na mchanga, huingiza maji kwa matundu yaliyo juu ya kichwa. Nyangumi, pomboo, nguva na kasa hawana mashavu kabisa. Wana mapafu, na kasa akinaswa na wavu akakosa kupanda juu, huzama kama mtu. Hata kamongo wa Ziwa Victoria, naye ni samaki, akishakua hutegemea mapafu na hufa akizuiwa kufika juu ya maji.

Sasa turudi kwenye chupa. Maji yalikuwa kidogo, jua likayapasha joto, na kizibo kilizuia hewa mpya isiingie. Samaki yule aliimaliza oksijeni iliyokuwamo, akakosa pumzi ndani ya maji yaleyale. Vijana wale sasa wana beseni pana, halina kifuniko, liko kivulini, na kila asubuhi mmoja wao huenda pwani kuleta maji mapya.